Wazazi wa Kiuyu na skuli: kutoka kubeba mawe hadi kuuliza maswali

Ukitangaza kwamba wazazi wanahitajika skuli, mtu wa Kiuyu hahitaji maelezo zaidi. Anajua ni jiwe, mchanga, maji ya ujenzi au siku moja ya kazi ya pamoja. Madarasa mengi ya Pemba yamenyanyuka hivyo: wananchi wanachimba msingi na kusimamisha kuta kwa nguvu zao, kisha Serikali inaezeka na kumalizia. Kazi hiyo wazazi wetu wanaijua, na hawahitaji semina ya mtu yeyote kuifanya.

Sasa muulize mzazi huyohuyo swali jengine: mtoto wako wa darasa la nne, ukimpa ukurasa asiouzoea, anausoma? Wengi watajibu kwamba mtoto anakwenda skuli kila siku, sare yake ni safi, daftari limejaa. Yote hayo ni kweli, lakini hayajibu swali. Mtoto anaweza kukaa darasani miaka minne, akanakili ubao kila siku kwa hati nzuri, na asiweze kusoma alichokinakili. Kwa Zanzibar hili lina uzito wake, kwa sababu Sera ya Elimu ya 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto anayefika hapo bila kusoma Kiswahili sawasawa anakutana na lugha ya pili kabla hajaimudu ya kwanza.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya kuwafundisha wazazi kuwa watetezi wa elimu. Neno "mtetezi" linawatisha watu. Linasikika kama mahakama, au kama siasa, na Pemba siasa watu wanaijua gharama yake. Katika makala hii maana yake ni ndogo zaidi. Mtetezi ni mzazi anayejua mtoto wake anajifunza nini, anayejua nani anawajibika kwa lipi, na anayeweza kulipeleka jambo la darasa zima mahali pake mpaka lijibiwe.

Haki iliyopo tayari

Elimu bila malipo Zanzibar ilitangazwa na Rais Abeid Amani Karume tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi. Sheria ya Elimu Namba 6 ya 1982 ikaifanya kuwa ya lazima, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 inamtambua kila mtoto kuwa na haki ya kupata elimu. Mwaka 2015 Serikali ya Mapinduzi ikafuta michango ya wazazi katika skuli za msingi. Kwa hiyo mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, mzazi hatakuwa amekosa adabu akiuliza kwa upole mchango huo uliamuliwa wapi na upo kwenye waraka gani.

Sheria si sehemu ngumu. Mzazi anaweza kuelezwa haki zake kwa nusu saa chini ya mwembe akazishika zote. Ugumu unaanza anaporudi nyumbani.

Wazazi waliwahi kuibadili skuli

Wakati wa utawala wa Waingereza, skuli za Serikali katika vijiji vya Unguja na Pemba zilipata tabu kupata watoto. Wazazi waliwapeleka watoto chuoni kwa mwalimu wa Qurani, na hawakuiamini skuli isiyosomesha dini. Hawakuandamana wala hawakuandika barua. Waliwabakisha watoto nyumbani tu. Mwishowe watawala walikubali kuiingiza Qurani na dini katika ratiba ya skuli, na watoto wakaongezeka. Mpaka leo masomo ya dini yamo katika skuli zetu, na wazazi wa vijijini wana mchango wao katika hilo.

Lakini njia ile ilikuwa na hasara yake. Aliyelipa gharama ya ugomvi wa wazazi na Serikali alikuwa mtoto aliyekosa kusoma miaka yote hiyo. Kumzuia mtoto nyumbani ni silaha inayomkata anayeishika.

Njia ya pili ilikuja baadaye, na ilianzia Mombasa. Miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada, kwa sababu watoto wao wengi walikuwa wakiachwa nyuma tangu kuingia darasa la kwanza. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaongoza mpango wa skuli za maandalizi zilizowekwa ndani ya madrasa, zikisomesha dini pamoja na kuhesabu, kusoma na michezo ya watoto. Kituo cha Zanzibar kilifuata mwaka 1990, cha Uganda mwaka 1993, na Pemba nayo ikapata skuli zake za aina hiyo.

Linalotuhusu zaidi ni utaratibu wake. Kituo hakikufika kijijini na kufungua skuli. Kijiji kilitia saini mkataba, kikachagua kamati ya wazazi yenye wanawake ndani yake, kikatoa jengo na mwalimu wa kufundishwa. Kwa takriban miaka miwili kituo kiliwafundisha walimu na kamati kwa pamoja: namna ya kuweka hesabu, kuendesha mkutano, kumlipa mwalimu kwa wakati, na kuangalia kama watoto wanajifunza. Skuli ilipofikia viwango ikafanyiwa mahafali, na kijiji kikabaki nayo. Wazazi wengi wa visiwani walikaa kwenye kamati ya skuli kwa mara ya kwanza kupitia njia hii. Tazama muda uliotumika: miaka miwili. Semina ya siku moja yenye soda na posho haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kumwambia mzazi hakutoshi

Kuanzia mwaka 2010 mpango uitwao Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania Bara, ukiwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Wazo lilitoka India, kwa shirika la Pratham. Waliopima walikuwa watu wa kujitolea wa maeneo yaleyale, na mzazi alielezwa matokeo ya mtoto wake palepale nyumbani. Upande wa Tanzania Bara, takriban watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili.

Matumaini yalikuwa kwamba mzazi akisikia hivyo atainuka. Watafiti watatu wa Kimarekani walikwenda vijiji vya Kenya kuangalia kama wazazi waliopewa matokeo walibadilika, na mwaka 2014 wakachapisha walichokiona. Wazazi hao hawakuwa wakiuliza zaidi skulini, wala kusaidia zaidi nyumbani, kuliko wazazi wa vijiji ambavyo Uwezo haukufika.

Sababu yake haikuwa uvivu. Fikiria mambo anayopaswa kuwa nayo mzazi mpaka afike hatua ya kusema. Aielewe habari, na iwe mpya kwake. Aone kwamba jambo hilo linamhusu yeye, si Serikali pekee. Ajue la kufanya, na awe na ujasiri na nafasi ya kulifanya. Aamini kwamba akisema patatokea kitu, na kwamba wenzake hawatamwacha mbele peke yake. Kikikatika kipande kimoja tu, anakaa kimya. Mama wa Kiuyu Maziwa Ng'ombe anayejua wazi kwamba mwanawe hasomi, lakini anahofia kwamba akimwambia mwalimu mtoto "ataonekana", hana upungufu wa habari. Ana upungufu wa wenzake.

Kamati nayo inaweza kuwapo kwa jina tu. Katika wilaya ya Jaunpur, kaskazini mwa India, uchunguzi uligundua kwamba zaidi ya familia 9 kati ya 10 hazikujua kwamba kijiji chao kina kamati ya elimu, na karibu mmoja kati ya kila wajumbe wanne hakujua kuwa yeye mwenyewe ni mjumbe. Kabla ya kucheka, msikilizaji, jaribu kutaja majina ya wajumbe wa kamati ya skuli ya mwanao.

Waganda walichofanya

Uganda ina mifano miwili inayofaa kutazamwa kwa makini.

Wa kwanza unahusu fedha. Kati ya mwaka 1991 na 1995 Serikali ya Uganda ilikuwa ikituma ruzuku kwa kila skuli ya msingi kulingana na idadi ya watoto. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba kwa wastani skuli zilipata asilimia 13 tu ya fedha hizo. Nyingine zilikwama kwa maofisa njiani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila kiasi kilichotumwa wilayani, na skuli zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wapo wanaosema magazeti peke yake hayakuleta mabadiliko hayo yote, kwa kuwa mambo mengine pia yalirekebishwa miaka ileile. Hata hivyo, skuli zilizokuwa karibu na mahali magazeti yanapouzwa zilifaidika zaidi kuliko zilizokuwa mbali. Mwalimu mkuu aliyejua kiasi kilichotumwa aliweza kwenda wilayani na kuuliza kilichobaki kiko wapi.

Mfano wa pili unahusu kamati, na kwa Kiuyu ndio ulio karibu zaidi. Skuli 100 za vijijini ziliingizwa katika jaribio, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Baadhi ya kamati zilipewa fomu ya kuitathmini skuli iliyoandaliwa na wataalamu, yenye maswali yote tayari. Kamati nyingine zilifundishwa kutunga fomu yao wenyewe: wazazi, walimu na wanakijiji walikaa wakakubaliana nini kinawauma na watakipimaje. Fomu ya wataalamu haikuleta tofauti ya maana. Waliotunga ya kwao walipata mengi. Utoro wa walimu ulipungua, utoro wa watoto ukapungua, na alama za mitihani zikapanda.

Fomu ya wataalamu huenda ilikuwa nzuri zaidi kwenye karatasi. Lakini watu waliokaa pamoja wakakubaliana kwamba tatizo letu ni hili, tayari wameshaahidiana kulifuatilia. Mimi naona hapa ndipo mafunzo mengi ya wazazi yanapokosea. Mgeni anafika na ajenda iliyochapwa, wazazi wanaitikia kwa heshima, na siku ya pili kila mtu anarudi kwenye mwani wake.

Mafunzo yaanzie wapi

Yaanzie kwenye kumsikiliza mtoto akisoma. Mzazi asiyejua kusoma pia anaweza. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, funika picha kwa mkono, muonyeshe mtoto sehemu ya katikati ya ukurasa, si mwanzo, maana mwanzo huenda amekariri. Msikilize. Baada ya siku tatu mpe palepale tena. Anayesoma kweli atarudia maneno yaleyale, na anayebuni atakuja na mengine. Hata ujumbe wa simu uliotumwa na jamaa unafaa: mwambie akusomee, kisha mwulize aliyeutuma kama ndivyo alivyoandika.

Mzazi mmoja akifanya hivyo amemjua mwanawe. Wazazi saba wa darasa moja wakifanya hivyo wiki moja, wana jambo la kuzungumza na mwalimu. Na hapo kuna namna ya kusema. Kuingia ofisini na "walimu wa siku hizi hawasomeshi" ni kuufunga mlango kabla hujakaa. Linganisha na haya: "Assalamu alaykum, mwalimu. Sisi ni wazazi saba wa darasa la tatu. Tumewasikiliza watoto nyumbani, na watano bado hawajaweza kusoma sentensi. Tumekuja kujua skuli inalionaje hilo, na sisi tushike wapi." Hakuna mtoto aliyetajwa wala mwalimu aliyelaumiwa, lakini idadi imesemwa.

Mara nyingi mwalimu atakuwa na malalamiko yake: darasa limejaa, vitabu havitoshi, watoto wanakuja na njaa, wengine wanakosa kwa sababu wako kwenye kokoto au wamefuatana na wakubwa kwenye karafuu. Mzazi asikilize pia, kwa sababu sehemu ya hayo ni ya kwake. Na yale yasiyo ya mwalimu, kama upungufu wa walimu au madawati, mwalimu mkuu peke yake hana nguvu nayo. Mtumishi akiomba huko juu ni mtumishi anaomba. Wazazi wakiandika ni wananchi wanauliza. Kwa hiyo mwalimu mkuu mwenye busara hamuogopi mzazi anayejua kuuliza.

Swali linalopelekwa ofisini liwe dogo na lenye tarehe. "Tunaomba elimu bora" litajibiwa kwa shukrani na kuishia hapo. "Darasa la tano halina mwalimu wa hisabati tangu Januari, tunaomba kujua ataletwa lini" linataka jibu. Likija jibu la mdomo, liandikwe: nani kasema, siku gani, kaahidi nini. Kamati yenye daftari la kumbukumbu haisahauliki kirahisi, hata ofisa akihamishwa.

Bamvua, dago na kiti cha nyuma

Mikutano ya wazazi ina matatizo ambayo hayamo kwenye mwongozo wowote. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na kazi yao inafuata maji. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali na akina mama wako pwani. Mkutano ukiitishwa siku hizo, watakaokuja ni wale wasio na kamba za mwani, kisha itasemwa kwamba wazazi hawajali. Ukiitishwa wakati wa maji mafu, watakuja. Mwalimu mkuu aliyetoka mjini huenda hajui hilo, na kamati ndiyo ya kumwambia.

Akina baba nao wanaondoka na dago, wakakaa wiki kadhaa kambini. Kinachobaki kijijini ni mama, bibi na shangazi, na wao ndio wanaojua mtoto gani hajagusa kitabu. Lakini mkutanoni wanaume wachache waliobaki wanakaa mbele na kusema, wanawake wanakaa nyuma na kunyamaza. Suluhisho lisilomvunjia mtu heshima ni kuwapa akina mama kikao chao kwanza, nusu saa, kisha mmoja wao asome waliyokubaliana. Anayesoma anasema "sisi", na "sisi" ni nyepesi kutamka kuliko "mimi".

Kuuliza kunapoudhi

Haitakuwa kweli kusema kwamba kila anayeuliza hupokewa vizuri. HakiElimu, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2001, lilijenga mtandao wa Marafiki wa Elimu: wananchi wa kawaida, wakiwamo wazazi na walimu, waliofuatilia skuli za maeneo yao. Matangazo yake ya redio na televisheni yalionyesha hali ya madarasa bila kupamba. Mwaka 2005 Wizara ya Elimu ya Tanzania Bara ikalizuia kufanya tafiti na kuchapisha habari za skuli, kwa hoja kwamba linaidhalilisha sekta ya elimu. Zuio lilidumu hadi mwaka 2007. Shirika lilibaki, na likaendelea na kazi yake.

Mzazi wa kijijini hana mawakili wala televisheni. Kinga yake ni nyingine: aseme alichokiona mwenyewe, ataje darasa na idadi, asizidishe, na asiende peke yake. Asikubali pia jambo la skuli kubebwa na chama chochote. Likishapewa rangi ya chama, nusu ya wazazi wataliacha hata kama watoto wao wanaumia vilevile.

Ngazi za kupita

Anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya skuli. Sheha anafaa kujulishwa mapema, kwa sababu ofisi za juu zitamuuliza yeye. Likishindikana hapo, liende kwa maandishi katika ofisi ya elimu ya wilaya, na hapa watu wa Kiuyu waangalie vizuri, maana jina moja liko katika wilaya mbili. Kiuyu Mbuyuni na Kiuyu Maziwa Ng'ombe ni Wilaya ya Micheweni. Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni ni Wilaya ya Wete. Barua iliyopelekwa wilaya isiyo yake inaweza kukaa mwezi mzima bila mtu kuigusa. Juu ya wilaya ipo Afisi ya Wizara ya Elimu Pemba, kwa Afisa Mdhamini, Chake Chake. Diwani na mwakilishi wa jimbo wanaweza kupewa nakala.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja, yenye majina na saini au alama za vidole za wazazi. Toeni nakala mbili. Moja inabaki ofisini, na ya pili mpokeaji aitie saini na tarehe, mrudi nayo. Wekeni picha yake kwenye simu zisizopungua tatu. Mwezi ukipita bila jibu, nakala hiyo yenye saini ndiyo ya kwenda nayo Chake Chake.